Kwa nini leni ya mwendokasi huonekana tupu? Mchezo wa kujenga jiji una jibu

Ukitoka Kinyangiri kwenda Dar es Salaam, basi la mkoani hukushusha Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Kimara haiko mbali na hapo, na ukifika Kimara ndipo unapoiona Barabara ya Morogoro ikiwa kama barabara mbili ndani ya moja. Pembeni kuna magari madogo, malori, daladala na bodaboda, yote yamebanana. Katikati kuna njia nzuri, pana, haina kitu. Baada ya muda basi refu linapita likiwa limejaa watu hadi mlangoni, halafu njia inabaki tupu tena.

Wasikilizaji wetu wengi waliosafiri hurudi na swali hilohilo: kwa nini wasiifungue ile njia ya katikati ili magari yote yapite?

Tumeona tulijibu kwa kupitia mahali ambapo huenda hukutarajia. Kuna michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hujenga jiji zima, kisha anatazama magari yakitembea ndani yake. Vijana wetu wengi wanaijua ile ya kuendesha basi kwenye simu. Hii ni tofauti kidogo: hapa huendeshi basi, bali wewe ndiye mkurugenzi wa jiji na mhandisi wake. Unachora barabara, unaweka taa, unapanga vituo. Ukikosea, foleni inakujia mbele ya macho yako, na hakuna wa kumlaumu.

Unaojulikana zaidi kwa mambo ya foleni unaitwa Cities: Skylines. Ulitoka Machi 2015, umetengenezwa na kampuni ndogo ya Finland iitwayo Colossal Order, ambayo kabla ya hapo ilishatengeneza michezo ya kupanga usafiri wa umma. Unahitaji kompyuta yenye nguvu, hivyo usihangaike kuutafuta kwenye simu yako. Tunachotaka ni somo lililomo ndani yake.

Leni ni orodha ya wanaoruhusiwa

Leni ni ule mstari mmoja wa magari ndani ya barabara. Barabara pana inaweza kuwa na leni mbili, tatu au zaidi kwa kila upande. Sisi tunaozitazama kwa macho tunaona rangi nyeupe iliyochorwa chini. Kompyuta haioni rangi. Kwake, kila leni ina mambo mawili yaliyoandikwa: nani anaruhusiwa kupita, na ukifika makutano unaweza kwenda wapi.

La kwanza ni orodha. Mwaka 2015 huohuo, mwezi Septemba, mchezo uliongezewa sehemu iitwayo After Dark iliyoleta leni za mabasi. Baadaye wachezaji wa kujitolea walitengeneza nyongeza yao, Traffic Manager: President Edition, ambayo inakuwezesha kuchagua leni moja baada ya nyingine: hapa magari binafsi hapana, mabasi ndiyo, teksi hapana, malori hapana, magari ya dharura ndiyo. Programu za kazi zinazotumiwa na wahandisi wa barabara hufanya vivyo hivyo. Mojawapo ni SUMO, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001 na kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani. Hiyo hutolewa bure, na humo pia kila leni ina orodha yake ya wanaoruhusiwa na wanaokatazwa.

La pili ni mishale. Bila shaka umeiona imechorwa chini karibu na taa: kushoto tu, moja kwa moja, kulia tu. Ndani ya mchezo, gari likishaanza safari huwa limeshapanga njia yake yote hadi mwisho, pamoja na leni litakazotumia. Halibadilishi mawazo kwa sababu ya foleni. Matokeo yake ni kitu cha kuchekesha ambacho wachezaji wamekilalamikia kwa miaka: barabara ya leni tatu, magari mia moja yamepangana kwenye leni ya kushoto kwa sababu yote yatakata kushoto huko mbele, na leni mbili zilizobaki ni tupu. Dereva wa Dar es Salaam angeshachomekea zamani.

Lakini kuchomekea kuna gharama yake, na hilo tulieleze kidogo.

Mwaka 1992 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, walitengeneza mfano mdogo wa magari kwenye kompyuta. Barabara waliigawa vipande vya mita 7.5, kila kipande kinatosha gari moja. Kila gari lilikuwa na kanuni chache: ongeza mwendo ukiweza, punguza ukikaribia wa mbele, na mara mojamoja punguza bila sababu, kama dereva aliyeshtuka au aliyekuwa anatazama pembeni. Foleni ikajitengeneza yenyewe. Hakukuwa na ajali wala taa wala shimo.

Mfugaji hahitaji kompyuta kulijua hili. Ng'ombe wanaelekea lambo kwa njia nyembamba, mmoja wa mbele anainama kung'ata majani, wa pili anasimama, wa tatu anamgonga wa pili, na wa mwisho kabisa anasimama muda mrefu kuliko wote ingawa hajui kilichotokea. Aliyeng'ata majani ameshaendelea na safari. Gari moja linalochomekea ghafla hufanya kazi ya ng'ombe huyo.

Basi kwenye makutano

Shida kubwa ya leni ya mabasi haiko katikati ya barabara, iko kwenye makutano. Mchezaji mpya hugundua hivyo upesi sana. Anachora leni safi ya mabasi kilomita tano, anafurahi, kisha anaona mabasi yamekwama palepale penye taa.

Chukua mfano wa barabara kama zetu, magari yanapita kushoto. Leni ya basi iko pembeni kabisa, upande wa kushoto. Magari madogo yako kulia kwake. Yakifika makutano na kutaka kukata kushoto, lazima yapite mbele ya basi linalokwenda moja kwa moja. Nani amsubiri nani? Katika miji mingi ya Uingereza, leni ya basi hukatishwa mita kadhaa kabla ya makutano ili magari yanayokata kushoto yaingie kwa utaratibu. Pengine utaona kibao kinachosema leni hii ni ya kukata kushoto tu, isipokuwa mabasi.

Maneno hayo, "isipokuwa mabasi", yamo hata katika ile nyongeza ya wachezaji tuliyoitaja. Kuna sehemu ya kubofya inayoruhusu mabasi kutofuata mishale ya leni. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kituo cha basi kiko kushoto karibu na makutano, leni ile ina mshale wa kushoto tu, lakini safari ya basi ni moja kwa moja. Basi linalotii mshale lingelazimika kushusha abiria, kisha kujipenyeza leni ya pili ndani ya mita chache, likizuia leni zote mbili wakati linajikunja. Kwa hiyo mchezaji analipa ruhusa: ukitoka kituoni, nyoosha.

Wapo wachezaji wanaoiona ruhusa hiyo kama upendeleo. Sisi hatuioni hivyo. Sheria inayomfunga kwa namna moja mwenye kiti kimoja na mwenye viti mia moja ina upendeleo ndani yake, isipokuwa unampendelea yule mwenye gari.

Dar es Salaam ilichagua katikati

Mwendokasi ulianza kubeba abiria Mei 2016 kwa mabasi 140, katika njia ya awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9: kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Wazo lenyewe lilitoka mbali. Jiji la Curitiba nchini Brazil lilianza njia maalumu za mabasi mwaka 1974, na Bogotá ya Colombia ikafuata kwa kishindo mwaka 2000.

Miji hiyo iliweka mabasi katikati ya barabara, na Dar es Salaam ikafanya vivyo hivyo. Sababu yake unaielewa ukitembea pembeni mwa Barabara ya Morogoro kwa dakika tano tu. Pembeni kuna maduka, mama lishe, bajaji zinazosubiri abiria, bodaboda, daladala zinazoshusha, lori linalopakua saruji, na vichochoro vinavyoingia barabarani. Leni ya basi upande huo ingekufa wiki ya kwanza. Katikati hakuna mlango wa duka.

Ila kila faida ina mahali pa kulipia, na hapa malipo yako kwenye kukata kona. Tazama Magomeni. Basi linatoka Kimara kuelekea Morocco. Linakuja na Barabara ya Morogoro, na Barabara ya Kawawa ya kwenda Morocco iko kushoto kwake. Lakini basi liko katikati, na kati yake na kona hiyo kuna leni za magari mengine yanayonyoosha kwenda mjini. Kulipitisha, lazima magari yale yote yasimamishwe kwa taa. Pale Fire ni kinyume chake: basi la kwenda Gerezani linakata kulia kuingia Mtaa wa Msimbazi, nalo lazima lipite mbele ya magari na mabasi yanayokuja kutoka mjini.

Kwa hiyo taa za pale zina kazi zaidi ya kusema pita na simama. Zinagawa sekunde kati ya watu ambao njia zao zinakatana. Gari binafsi likiingia leni ya mwendokasi na kusimama mbele ya basi kwenye taa hizo, linalokula ni sekunde za basi. Tupige hesabu ya mfano. Basi lina watu 120, limekosa taa ya kijani kwa sababu ya gari moja, linasubiri dakika moja na nusu. Hizo ni dakika 180 za watu, saa tatu nzima, zimepotea ili mtu mmoja awahi.

Ndani ya mchezo jambo hili halitokei kwa ujeuri. Gari ambalo halimo kwenye orodha haliingii, basi. Tena kuna siri nyingine inayowafanya wachezaji waonekane mahodari kuliko walivyo: gari likikwama muda mrefu sana, mchezo hulifuta. Linatoweka. Ukizima ujanja huo kwa ile nyongeza, jiji ulilodhani umelipanga vizuri linafungana kama uzi wa mvuvi. Pale Ubungo hakuna gari linalotoweka, linasubiri hadi askari wa trafiki alitoe au lijitoe.

Turudi kwenye njia tupu

Sasa tujibu swali la mwanzo. Hesabu tena ni ya mfano, lakini unaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu.

Leni moja ya magari madogo yenye taa njiani, tuseme inapitisha magari 700 kwa saa, na kila gari lina watu wawili. Hao ni watu 1,400. Leni yake imejaa saa nzima, huwezi kuona lami. Leni ya mwendokasi ipitishe basi moja kila dakika tatu, lenye watu 120. Hayo ni mabasi 20 kwa saa, watu 2,400. Leni hiyo, ukiitazama, sehemu kubwa ya muda haina kitu. Ile iliyo tupu machoni imebeba watu 1,000 zaidi ya ile iliyojaa.

Ukiifungua kwa magari yote, itajaa kama mwenzake ndani ya dakika chache, na basi litakuwa gari mojawapo kwenye foleni. Hilo ndilo mchezaji hulijua baada ya kujaribu mara moja.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili ambao wasimamizi wa usafiri hawapendi kuusikia. Badilisha dakika tatu ziwe kumi na tano. Sasa ni mabasi manne kwa saa, watu 480. Hapo leni ya mwendokasi inabeba watu wachache kuliko ya magari, na mwenye gari anayelalamika foleni ana hoja, na abiria aliyesimama Kimara jioni akibanwa mbavu ana hoja kubwa zaidi. Njia maalumu hupata haki yake kwa mabasi yanayopita ndani yake. Nairobi walilionja hilo mwaka 2018: mistari myekundu ilichorwa kwenye Thika Road kutenga leni za mabasi ya kasi, na mabasi yenyewe hayakuja. Mstari ukabaki mstari.

Kuna tatizo jingine ambalo hata wingi wa mabasi haulitibu, nalo huonekana waziwazi ukilitazama kutoka juu kama kwenye mchezo. Basi moja likichelewa dakika mbili, kituo kinachofuata kina watu wengi zaidi. Linachukua muda kuwapakia, linachelewa zaidi. Basi la nyuma yake linakuta vituo havina watu, linakwenda haraka, linalifikia la mbele. Ndiyo maana unasubiri nusu saa kisha yanakuja matatu kwa mpigo, la kwanza limejaa, la tatu karibu tupu. Dawa mojawapo ni kuwa na leni ya pili pale kituoni ili basi la nyuma lipite lililosimama. Mwendokasi wa Dar es Salaam ulijengwa na nafasi hiyo kwenye vituo, na ndiyo inayowezesha basi lisilosimama kila kituo kulipita lile linalosimama. Gari lisiloruhusiwa likiegesha hapo, hata kwa dakika mbili, nafasi hiyo imekufa.

Kwa wanaosafiri

Awamu zilizopangwa ni sita, zikiwemo za kuelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Maana yake ni kwamba barabara nyingi zaidi za jiji zina au zitakuwa na leni ya katikati, na mgeni kutoka kijijini anahitaji kujua namna ya kuivuka. Sisi tumezoea barabara ambapo unasikiliza gari linakuja, unapisha. Pale sauti ni nyingi mno, masikio hayasaidii.

Kabla hujakanyaga barabara ya mwendokasi kumbuka zipo hatua nne. Kwanza leni za magari ya kawaida, yanatoka kulia kwako. Kisha leni ya mwendokasi ambayo basi linatoka kulia. Kisha leni ya pili ya mwendokasi, na hapa watu wengi hukosea, basi linatoka kushoto. Mwisho leni za magari ya kawaida, nayo yanatoka kushoto. Aliyetazama kulia mara moja akakimbia anaingia hatua ya tatu akiwa kipofu. Njia ile ikiwa tupu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa dereva wa basi hana kilicho mbele yake cha kumpunguzia mwendo, na basi lenye watu mia moja halisimami kama baiskeli. Vuka penye taa au alama ya pundamilia karibu na kituo, na mtoto umshike kifundo cha mkono, usimshike vidole.

Kama umempanda bodaboda akakata kuingia leni ya mwendokasi ili akuwahishe, mwambie akushushe. Nyuma yenu linaweza kuwa linakuja gari la wagonjwa. Magari ya dharura yamo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupita pale, na baadhi ya wagonjwa waliomo, wakipelekwa Muhimbili, wametoka mikoani kama kwetu, wamesafiri usiku kucha, na kipande kilichobaki ni hicho cha Kimara hadi mjini.